Bei ya Bastola ya Placide

Bei ya kwanza ilikuwa dola hamsini na kreti moja ya Fanta, na Didace aliitaja kwenye simu kutoka Houston kwa sauti ya mtu anayefanya hisani.

"Mama Alida," alisema, "nitakuja siku ya kuganduka. Nitachukua ile bastola ya marehemu, nitaweka bahasha ya shukrani mezani, wazee washuhudie, mambo yaishe. Halafu tupange kuhama kwenu. Hapa mtaani kwangu Alief nimeshaona apatimenti, iko nyuma ya yangu kabisa. Nitakuwa nawaangalia."

Gaudiose alikuwa amesimama jikoni kwake Grand Prairie, mji mwingine wa Texas, saa nne kwa gari kutoka Houston, bado amevaa fulana ya kazini yenye mistari inayong'aa, sufuria ya maharage ikichemka mbele yake. Lile neno "nawaangalia" lilimkaa masikioni. Alisema, "Tutaonana, shemeji," akakata simu, akapunguza moto, kisha akasimama pale na mwiko mkononi mpaka maharage yakaanza kushika chini.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mzima aogope bahasha ya dola hamsini, jua kwanza desturi ya ukoo wa marehemu mumewe, Placide. Mtu akifa, mwaka unapita, watu wanakusanyika kuganduka, yaani kuuvua msiba. Wanakula, wanakunywa, wanasema yote yaliyobaki ya marehemu, na mkuki wake unakabidhiwa mwanamume mmoja. Anayeupokea anaweka kitu kidogo cha shukrani, na tangu saa ile ndiye baba wa nyumba. Neno lake linakuwa juu ya watoto, juu ya mji, juu ya mjane. Placide, Didace kaka yake mkubwa, na Gaudiose mwenyewe walikulia ukimbizini Tanzania, na kambini mikuki haikuwepo, kwa hiyo walikabidhiana jembe au baiskeli. Texas Placide hakuacha jembe. Aliacha gari bovu, sanduku la spana, na bastola. Didace hakuulizia gari.

Nyumba ile waliipata kwa jasho la watu wawili, Placide kwenye kiwanda cha milango, Gaudiose kwenye ghala. Binti yao Alida alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kwenye programu ya uuguzi ya shule yake ya sekondari, amebakiza mwaka mmoja kupata cheti. Akihamishiwa Houston, cheti hakuna, aanze upya. Hayo Didace hakuyauliza pia.

Kwa hiyo Gaudiose alimpigia simu Mzee Leonce. Huyu ndiye mkubwa wa Warundi wa parokia yao, mzee wa miaka sabini na ushee, mchana anakunja mashuka hotelini, na bado anakutajia nasaba yako mpaka babu wa nne bila kukwama. Gaudiose alimuuliza juu juu, kama mtu anayeulizia mvua.

"Mzee, nina swali la kijinga. Yule anayepokea mkuki, akitoa bei yake kamili, bei ya sokoni, inakuwaje?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Bei kamili? Basi huyo si mrithi, mwanangu, huyo ni mteja. Mrithi anapokea, hanunui. Akinunua amepata chuma, basi, aondoke na chuma chake."

"Na nyumba?"

"Mteja na nyumba ya watu, wapi na wapi?" Mzee akapunguza sauti. "Mama Alida, unapika nini huko?"

"Maharage, mzee."

"Haya. Usiyaunguze."

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, lakini kikubwa: shukrani na bei zisipotengana, mteja hatofautishwi na mrithi. Didace angesema bastola yenyewe haina thamani, kwamba hamsini ni shukrani na ni bei papo hapo, na wazee wangemwafiki, maana nani kati yao alijua bei ya bastola? Na Gaudiose akitaja bei ya kutia chumvi, ataonekana mjane mwenye tamaa, na Leonce mwenyewe atamnyamazisha. Alihitaji bei ya haki. Si ya juu, si ya chini. Bei ambayo mtu anaweza kuigeuza juu chini asikute ufa.

Sasa hapo, wallahi, Didace alikuwa amemchokoza mtu asiye wake. Kwa miaka minane Gaudiose alikuwa akilipwa kuhukumu vitu vilivyotumika. Ghalani kwao ndiko vinakorudi vitu ambavyo watu wamevinunua wakavikataa: viatu, drili, visagio, pasi. Yeye ndiye anayefungua boksi na kusema hiki ni daraja A, kama kipya. Hiki B, kimetumika kwa adabu. Hiki C, kina dosari. Hiki D, katupe. Alishakutana na kisagio kilichosaga karanga mwezi mzima na mwenyewe ameandika kwamba hakijawahi kufunguliwa. Alishajifunza kutoamini maneno yaliyobandikwa juu ya boksi. Na alishajifunza, baada ya kusingiziwa mara moja kwamba amevunja kioo cha televisheni, kwamba kitu hakipigwi picha baada ya kuharibika tu. Unakipiga picha kabla hujampa mtu mwingine akishike.

Tatizo ni kwamba bastola hakuwahi kuigusa. Placide aliinunua mwaka 2012 kwa dola mia tatu kutoka kwa fundi mmoja mzee wa pale kiwandani aliyekuwa anastaafu, na aliporudi nayo nyumbani Gaudiose alilala kwa mama mmoja wa kanisani siku mbili. Mama yake alikuwa amekimbia Burundi mwaka 1972 na mimba tumboni, na mlio wa bunduki aliurithisha wanawe bila wao kuusikia. Placide alimfuata kule akamwambia, taratibu, "Maisha yangu yote bunduki zimekuwa zikinitafuta mimi. Nataka moja tu ambayo naitafutia makopo." Na kweli, kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha kupiga makopo ya soda, akarudi amefurahi kama mtoto. Moyo wake ndio uliomsaliti, Oktoba 2017, kwenye maegesho ya kiwanda, akiwa na miaka arobaini na saba.

Aliyekuwa akipiga naye makopo ni Kigen, Mkenya, nesi wa chumba cha upasuaji, mkazi wa Cedar Hill, mji jirani. Gaudiose alimwendea Jumapili baada ya misa, bastola ikiwa kwenye boksi lake, boksi kwenye kikapu, kikapu kwenye buti ya gari. Njiani alipita kwanza duka moja la rehani. Jamaa wa kaunta aliitazama kwa muda wa kupiga chafya na kusema mia mbili. Hata silinda ya risasi hakuifungua. Gaudiose alimwangalia kama anavyowaangalia wafanyakazi wapya wanaoweka muhuri wa A bila kufungua boksi, akaondoka.

Kigen aliiweka juu ya taulo gerejini kwake na kuifungua. Silinda ilitoka ubavuni, vyumba sita vya risasi, vitupu vyote.

"Angalia hapa, Mama Alida," alisema, akionyesha kwa kalamu chini ya mkono ulioshika silinda. "Model number iko huku ndani. Kama huja-open hauwezi kuona. Hii ni Smith, Model 17. Hii ni kitu ya maana. Huyo mzee alimuuzia Placide na bei ya urafiki."

"Duka limesema mia mbili."

"Hao wanataka kukuibia mchana peupe."

Alimwonyesha jinsi ya kuikagua. Alivuta nyundo polepole kwa dole gumba, wakaisikiliza silinda ikijifunga mahali pake. Kisha akairudisha nyundo kwa dole lile lile, bila kuiachia ipige. Alimulika tochi ndani ya mtutu. Alimwambia atikise silinda aone kama inacheza. Haikucheza. Kisha akaweka kidole kwenye kifyatuo na kukitoa haraka, kama mtu aliyegusa jiko.

"Na kitu moja. Usiwahi pull hii trigger ikiwa empty. Bunduki kubwa, sindano inapiga katikati ya risasi. Hii ndogo inapiga kwa ukingo. Sasa kama hakuna risasi ama ganda, inapiga nini?"

Gaudiose aliinama. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kila chumba, kimoja kimoja, sita vyote. Vilikuwa laini. "Inapiga mdomo wa chumba chenyewe," alisema.

"Exactly. Inatoboa kidonda hapo. Placide alikuwa anaweka maganda matupu ndio a-practice. Hakuwahi kuipiga kavu, hata siku moja."

Ukucha wa Gaudiose ulikuwa bado kwenye chuma, na pale kwenye ulaini ule alimwona mumewe waziwazi kuliko kwenye picha zote za ukutani, mtu aliyetunza kitu kidogo kwa miaka mitano bila mtu kumsifu. Machozi yalimjia, akayaacha yatoke, akajifuta kwa kanga, akasema, "Haya. Bei."

Kigen alitoa kompyuta. "Usiangalie bei watu wanaomba. Mtu anaweza kuomba two thousand mpaka Yesu arudi. Tuangalie zile zimeuzwa, pesa imetoka mfukoni."

"Hilo nalijua, baba. Ndiyo kazi yangu."

Walitazama kumi na mbili zilizouzwa mwaka ule wa 2018. Wakatoa zile mpya mno, wakatoa zilizopakwa rangi upya. Boksi la Placide lilikuwa la asili, na namba iliyoandikwa chini yake ilikuwa ndiyo ile ile ya kwenye bastola, jambo linalopandisha bei. Kigen alisema mia tisa. Gaudiose aliigeuza tena. Mbao za mpini zilikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto, na kona ya boksi imechanika.

"Mia nane na hamsini," alisema.

Kigen alishangaa. "Unajipunguzia wewe mwenyewe?"

"Nataka bei ambayo hata anayenichukia akiikagua haitikisiki. Hii si A. Ni B nzuri."

"Basi mimi nita-pay hiyo eight-fifty leo leo."

"Huwezi. Kitu cha marehemu hakitoki kabla ya kuganduka. Lakini njoo siku hiyo, ukae mbele."

Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakufanya lolote ila kulala. Asubuhi ndipo alipomwita Alida na simu yake, wakapiga picha mtutu, mpini, namba, na midomo ya vyumba sita, mmoja mmoja, kwa karibu.

"Mom, why are we taking pictures of holes?"

"Shika simu vizuri, usikose hata kimoja."

"I'm holding it. You're blocking the light."

Gaudiose akasogea, mwanga ukaingia.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, kwa hiyo walikusanyika gerejini, mlango wa mbele ukiwa umeinuliwa, viti vya kukunja vya parokia vimepangwa. Watu kama thelathini. Baba Paroko alikuwa ameshasoma misa na kuondoka. Wali, maharage, ndizi, kuku, bia kwenye pipa la barafu. Mzee Leonce alikuwa kwenye kiti chenye mto, Kigen safu ya mbele na sahani yake.

Didace alifika saa saba na pikapu yake, suti ya kijivu, kreti ya Fanta begani ili kila mtu aione. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, tuseme ukweli. Alimlilia mdogo wake kwa sauti, na ndiye aliyelipia jeneza. Lakini kambini alikuwa sungusungu, mlinzi wa wakimbizi wenzake, mwenye rungu na filimbi, na kazi ile ilimwingia mwilini isitoke tena. Popote alipoona watu wamekaa aliona kituo cha kulinda. Na alikuwa na mapenzi ya siri. Pale kambini, polisi wenye bunduki walipomaliza zamu, walitoa magazini, wakaelekeza mtutu chini, wakavuta kifyatuo, "tiki", kuthibitisha kwamba haina kitu. Didace na rungu lake aliitamani ile "tiki" miaka kumi na mitano.

Walipomaliza kula, Mzee Leonce aligonga chupa kwa kijiko. Gaudiose alileta boksi akaliweka kwenye meza ndogo. Didace alitoa bahasha nyeupe mfukoni.

"Kabla ya bahasha, wazee wangu," Gaudiose alisema. "Shemeji ameniambia kwenye simu kwamba bastola hii ni ya dola hamsini. Mimi nimeitafutia bei. Bei yake ni mia nane na hamsini. Mnunuzi yupo hapa amekaa, si ndugu yangu, hana sababu ya kunipendelea."

Minong'ono ikazunguka. Didace alicheka, akafungua boksi mwenyewe, akaitoa bastola.

"Mia nane! Mama Alida, umedanganywa na Wakenya. Wazee, mmeziona risasi za hii kitu? Kama punje ya mchele. Hii ni ya kuulia panya." Aliifungua silinda, akaitazama, akaifunga kwa kuitupa kwa kiwiko kama anavyofunga mlango wa pikapu. Akaelekeza mtutu kwenye sakafu ya saruji, akavuta. Tiki.

Kigen aliruka nusu ya kiti. Gaudiose alimzuia kwa mkono.

"Shemeji," alisema, polepole, ili hata wa nyuma wasikie. "Usivute ikiwa tupu. Aina hii inaharibika."

"Inaharibika?" Didace aliwageukia watu, uso umechanua. "Nimelinda kambi nzima, usiku na mchana. Leo mke wa mdogo wangu anifundishe bunduki?" Tiki. "Bunduki isiyo na kitu, hivi ndivyo inavyothibitishwa." Tiki. Tiki.

"Nimekuambia mara moja, mbele ya watu."

"Na mimi nimekusikia." Tiki.

Gaudiose alikaa, akaweka mikono mapajani, akahesabu. Kila mlio ulimchoma, maana ilikuwa ni miaka mitano ya uangalifu wa Placide inapigwa nyundo mbele ya macho yake, na alitamani kumrukia yule bwana ampokonye. Hakumrukia. Didace aliongea juu ya ukoo, juu ya marehemu baba yao, juu ya mwanamke kuishi peke yake katika nchi kama hii, na kila alipofika mwisho wa wazo alitia alama ya kituo kwa kidole. Tiki. Kigen alikuwa amefumba macho. Ilipofika thelathini na moja Didace alichoka, akairudisha mezani, akachukua tena bahasha yake.

"Naomba niikague," alisema Gaudiose.

Alivaa miwani yake ya kazini. Akafungua silinda, akaangalia vyumba kama ni vitupu, akapitisha ukucha. Chumba cha kwanza kilimkwaruza. Cha pili. Cha tatu. Akachukua kwenye boksi ganda tupu, moja ya yale sita ya Placide ambayo asubuhi ile yalikuwa yanateleza yakaingia bila kusukumwa, akalitia. Liliingia nusu, likakwama. Akalisukuma kwa dole gumba, likagoma.

"Mzee, njoo uone mwenyewe."

Leonce aliomba miwani, akaletewa. Alida alifungua picha za asubuhi kwenye simu, zimeandikwa saa na dakika, mdomo wa kila chumba ukiwa mviringo safi. Mzee aliangalia picha, akaangalia chuma, akapitisha ukucha wake mgumu wa mkunja mashuka. Wanaume watatu walikuja nao wakapitisha kucha zao. Mmoja alisema "Yoo!", sikitiko la Kirundi, basi.

"Bwana Mkenya," Leonce alisema, "wewe ungeinunua kwa mia nane na hamsini?"

"Asubuhi, ndiyo, mzee. Bila kufikiria mara mbili."

"Na sasa?"

Kigen alimwangalia Gaudiose kwa huruma. "Sasa five-fifty. Hiyo ni ukweli. Kuna kazi ya kutengeneza hapo, na haitawahi kurudi vile ilikuwa."

"Ni C," Gaudiose alisema. "Ilikuwa B, sasa ni C. Tofauti ni mia tatu. Shemeji, ulionywa. Lipa hizo mia tatu za kuharibu, bastola ibaki, nimuuzie anayeitaka."

Mama mmoja safu ya nyuma alicheka kwa pua. Ni kicheko kile kilichommaliza Didace. Shingo ilimvimba, akatupa bahasha juu ya kreti.

"Faini? Mimi nilipe faini? Kwa mke wa mdogo wangu, mbele ya watu, kama mwizi wa kuku?"

"Si faini. Ni bei."

"Bei! Bei! Unafikiri mimi sina hela?" Alishatoa simu, vidole vinagonga kioo. "Namba yako ni ile ile? Mia nane na hamsini si ndiyo? Sasa nainunua. Yote! Na kidonda chake!"

"Umesema unafanya nini?" aliuliza Mzee Leonce, kwa upole mkubwa.

"Nainunua, mzee! Kwa bei yake aliyoitaja! Watu wote wasikie!"

Watu wote walisikia. Simu ya Gaudiose iliguna mezani. Alida aliinama akaangalia.

"It went through," alisema. Kisha, kwa kuwa wazee walikuwa wanamtazama, akasema tena kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Pesa imeingia. Yote."

Didace alipumua. Akaiweka bastola kwenye boksi, akafunga kifuniko, akabana boksi kwapani, akafunga vifungo vya koti. Akasogea katikati ya gereji, mahali pa mrithi, akakohoa kusafisha koo.

"Ndugu zangu, kuanzia leo, nyumba hii ya marehemu Placide..."

"Keti," alisema Leonce.

"Mzee?"

"Keti, Didace. Mnunuzi hana hotuba."

Mvua ilisikika kwenye paa. Didace alitazama boksi kwapani, akatazama simu mkononi, akatazama bahasha nyeupe iliyolala juu ya Fanta, haijafunguliwa, hakuna aliyeipokea. Ungeona jinsi jambo lilivyomfikia, kwanza machoni, halafu mabegani.

"Mimi ni kaka wa marehemu," alisema, sauti imeshuka.

"Ndiyo, na utabaki kuwa kaka yake. Kula, kunywa, njoo Krismasi. Lakini ulikuja na shukrani ukaiacha, ukatoa bei kamili, na sisi sote tumekusikia ukisema unanunua. Hakuna mtu anayelipia sokoni kitu ambacho ni chake." Mzee aligeuka, taratibu, kwa sababu ya kiuno. "Nani anaongea kwa ajili ya nyumba?"

Wanaume waliangalia viatu vyao. Gaudiose alisimama. Moyoni alikuwa na kidonda chake, maana ile bastola inakwenda Houston na makopo yote ya Jumamosi ndani yake, na hakuna bei iliyomlipa hilo. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko kidonda, na ilimshika mkono vizuri.

"Mimi naongea," alisema. "Nyumba hii haihami. Alida anamaliza shule yake hapa hapa, anapata cheti chake. Gari la Placide nitalitengeneza au nitaliuza, nikishalikagua. Anayetaka kutuangalia, barabara anaijua, apige simu kwanza. Na atakayekuja kuniambia mwanamke hawezi kusimamisha nyumba, asije mikono mitupu. Aje na bei."

Wanawake walipiga vigelegele kwanza, wanaume wakafuata kwa makofi, wengine shingo upande. Alida alikuwa analia huku anacheka. Didace alikuwa bado amesimama katikati ya gereji na boksi lake, hajui aende wapi.

Gaudiose alikwenda kwenye kreti, akaiondoa ile bahasha na kuirudisha kwenye mfuko wa koti la shemeji yake, akaugonga mfuko mara moja ikae. Akachukua Fanta moja, akaifuta maji kwa kanga, akaifungua, akampa Didace kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyokaribishwa mgeni.